Kompyuta Edani

Jumatano, 5 Novemba 2025

Arubaini ilikuwa jana. Wali umebaki sufuria nzima. Mwanarusi amegawa kwa majirani asubuhi, na uliobaki tumeula na chai. Nimekula kwa sababu sahani iliwekwa mbele yangu.

Daftari hili kaniletea Nadira kutoka kwake Kisauni. Ati niandike yaliyo moyoni, nitapata nafuu. Nimekaa nalo tangu adhuhuri. Moyoni hamna kitu, mwanangu. Nitaandika yaliyo sebuleni.

Sebuleni mna makochi mawili, runinga, pazia la mlangoni, na kompyuta ya marehemu mume wangu, Abdulghani, juu ya meza yake. Imefunikwa kanga. Aliyeifunika ni Mwanarusi, siku ile ya maziko, pamoja na kioo cha kabati. Huyu ni wifi yangu, dada yake marehemu. Amehamia hapa mpaka nitoke eda. Kioo nilikielewa. Na kompyuta je? Akasema ile nayo ikizimwa wajiona uso. Kweli. Basi nayo imo edani — haitoki, haipambwi, haitazamwi.

Jana baada ya hitima shemeji Sharif alizungumza nami kutoka barazani. Yeye nje, mimi nyuma ya pazia. Maneno mengi ya subira. Mwishowe akasema kamati ya madrasa imeiomba kompyuta ya ndugu yake iwe sadaka ya kuendelea: watoto wasome, thawabu zimfikie. Je, naridhia?

Nilisema sawa. Jana wangeniomba hata paa la nyumba ningesema sawa.

Jumapili, 9 Novemba

Mwanarusi aliivua kanga, akaiwasha. Yataka neno la siri. Hilo Abdulghani kaondoka nalo.

Sharif kaja tena barazani. Kumbe wamelizungumza huko madrasa. Ile Windows iliyomo imekwisha muda wake, na mashine ni kuukuu, haiwezi toleo jipya. Ustadh kashauri uwekwe mfumo mwingine kabisa, wa bure, hauna leseni — lakini uwe mwepesi kwa mtu asiyewahi kugusa kompyuta, maana yeye mwenyewe hajawahi.

Sasa nani aufanye? Fundi mwanamume hawezi kuja kukaa humu ndani nami nina eda. Kuitoa kwa fundi nje, Sharif hataki. Asema huko mashine huingia na matumbo yake ikatoka na ya mwenzake. Basi imeamuliwa aje Agneta, yule mpangaji wa nyumba ya nyuma, afanyaye kazi saiba ya karibu na feri, duka la kompyuta na intaneti. Alete mifumo, tuijaribu hapahapa, tuchague mmoja. Na mjaribu ni mimi.

— Ukiweza wewe, shemeji, ustadh hatashindwa.

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Zamani ningejua papo hapo.

Jumanne, 11 Novemba

Agneta alikuja akitoka kazini. Mtu wa bara, ana haraka ya kusema, haketi mpaka aambiwe mara tatu. Akatoa flashi shingoni, imefungwa kwa uzi kama ufunguo. Humo mna mifumo mitatu. Yote jamii ya Linux. Ukiwasha mashine unabonyeza F12, unabonyeza tena na tena bila kungoja, inakuuliza unataka upi, unachagua, unaujaribu. Mashine yenyewe haiguswi. Ukizima, kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

— Hii ni ya kuonja tu, Mama Nadira. Ukipenda moja ndio tunaiweka for real.

Mwanarusi alikuwa pembeni, anachambua mchele. Akauliza, hicho cha bure nani akigawaye? Wallahi, hakuna mtu humpa mtu kitu hivihivi! Agneta akacheka. Akasema kinatengenezwa na watu wengi, wa nchi nyingi, kila mmoja na kipande chake, na yeyote anaweza kukifungua aone kilivyofumwa ndani. Mwanarusi akafikiri. Akasema, aa, kumbe ni sufuria ya shughuli: huyu aleta nazi, huyu aleta kuni. Agneta akasema ndiyo hivyo hasa. Wakaelewana.

Mimi nilikuwa natikisa kichwa, kuitikia tu. Siku hizi natikisa sana kichwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Wa kwanza: Ubuntu. Nilibonyeza F12 mwenyewe. Nilichelewa mara mbili, mara ya tatu ikakubali.

Mashine ilihema. Agneta alishasema si kosa la mfumo, ni uzee wa mashine. Unabonyeza, unangoja, unafikiri haikusikia, unabonyeza tena, halafu yanafunguka madirisha mawili. Lakini Mwanarusi alikuwa na jambo kubwa zaidi. Alisimama nyuma yangu mikono kiunoni.

— Wifi, zambarau hiyo! Na machungwa! Mwenye eda hukaa mbele ya rangi kama hizo?

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nguo zangu ni nyeupe tupu, udi haufukizwi humu, hina sina, na sasa skrini imejipamba kama bibi harusi. Nikaizima.

Sikukasirika wala sikucheka. Nilirudi kitandani.

Ijumaa, 14 Novemba

Agneta kaambiwa habari za zambarau. Kaonyesha pa kubadilisha picha ya nyuma. Kaweka kijivu. Mwanarusi kapitisha.

Jumanne, 18 Novemba

Wa pili jina lake Mint. Agneta asema ni lile jani la chai, nanaa. Mwanarusi akauliza nanaa ni katika manukato au si katika manukato. Kijivu kikawekwa mapema.

Huu ni rahisi. Niseme ukweli. Chini pembeni pana kitufe kimoja, ukibonyeza vitu vyote viko hapo vimepangwa: vya ofisi, vya mtandao, vya picha. Saa iko pembeni ya pili. Nilifungua pa kuandikia, nikafunga, nikafungua tena. Mashine haikuhema. Nilimwita Mwanarusi aje ashike mausi, maana yeye ndiye hajui kabisa — mimi angalau Abdulghani alikuwa akinituma nimzimie. Akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mjusi mkia. Mshale ukapotea. Akautafuta chini ya meza!

Hapo nilihisi kitu kidogo mashavuni. Nadhani ilikuwa kucheka.

Jumamosi, 22 Novemba

Wa tatu ni mwepesi kuliko wote, unafunguka kufumba na kufumbua, lakini vitu vimejificha. Pengine ni mimi. Nilitafuta pa kuzimia mpaka Mwanarusi akasema tuchomoe waya.

Mvua. Nguo hazikukauka. Shemeji kauliza kupitia pazia tumefikia wapi. Nikasema tunaendelea.

Jumatatu, 24 Novemba

Leo nimeona ndani.

Tulikuwa kwenye Mint. Agneta akasema, hii hapa ni diski ya mashine yenyewe, unaweza kuchungulia. Akabonyeza mara mbili. Nikasema, si ina neno la siri? Akasema lile neno la siri ni la mlango wa Windows, na sisi hatukupita mlango huo.

Folda zake zikajipanga kwenye skrini. HARUSI. BARUA. MADRASA. TANZIA. Zote kwa herufi kubwa, alivyopenda kuandika.

Hakuna cha ajabu humo. Najua yote, nilikuwa nimekaa hapa anapoyaandika. Abdulghani alifanya kazi bandarini mpaka mgongo ukakataa, kisha akanunua mashine hii na printa, na Timbwani nzima ikawa yaja barazani kwetu. Kadi za harusi. Barua za kuomba kazi. Na mtu akifa, kabla sanda haijanunuliwa, mmoja wa wafiwa yuko hapa: Abdulghani, tuandikie tanzia. Moja ya ubao wa msikiti, nyingine za kupeleka kwenye magrupu ya simu.

Tanzia alikuwa haanzi upya. Anafungua ya mwisho, anafuta jina la marehemu, anaandika la marehemu mpya. Kwa hivyo kila mmoja humo ameandikwa juu ya mwenzake. Mwalimu Kombo juu ya bibi mmoja jirani, huyo bibi juu ya yule kijana wa pikipiki. Nilizifungua moja moja. Mistari imeteleza kidogo, maana Mint haina herufi zake zilezile, na nyingine zimeruka ukurasa wa pili. Lakini zasomeka.

Agneta alikwenda zake. Mwanarusi akaniita nile, sikusikia.

Jumatano, 26 Novemba

Jambo moja. Katika tanzia zake zote, mwanamume akifa, mjane ametajwa jina. Zote. "Ameacha mjane, Bi Fatuma binti Omari." Si desturi ya wengine. Wengine huandika "ameacha mjane na watoto watano," basi.

Aligombana sana na watu kwa hilo. Nawasikia bado. Yeye mezani, wao barazani. Wao: ah, jina la mwanamke libandikwe ukutani kwa nini? Yeye: mjane si jina. Na kidole hakigusi kibodi mpaka aambiwe. Watu wanakwenda nyumbani kuuliza, wanarudi wamenuna. Mmoja alikuwa hajui jina la mama yake wa kambo aliyemlea!

Mimi nilikuwa nikimwambia, waandikie wanavyotaka, utakosa wateja. Akasema wateja wangu wote hufa, watarudi tu.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimetafuta kwenye simu tanzia yake yeye. Iliandikwa na kijana mmoja wa ukoo, kwa simu, akiwa njiani. Nimeipata chini kabisa kwenye grupu la mtaa. Jina lake, jina la babake, mahali pa maziko, saa.

"Ameacha mjane na binti mmoja."

Nimeisoma. Nimeweka simu chini. Nimeosha vyombo ambavyo Mwanarusi alikwisha kuviosha.

Jumanne, 2 Desemba

Nimeiandika mimi.

Niliwasha mwenyewe, F12, Mint. Nikafungua TANZIA, nikafungua ya mwisho. Ni ya Mzee Athumani muuza mkaa. Nikamfuta Mzee Athumani, Mungu anisamehe. Nikaandika kwa kidole kimoja. Abdulghani bin Mbarak. Nikatafuta herufi ya B mpaka jasho likanitoka. Nikafika hapo: Ameacha mjane.

Nikaandika: Jalila binti Hamadi.

Sijui niliketi muda gani nalitazama. Mwanarusi huniita wifi. Sharif, shemeji. Agneta, Mama Nadira. Nadira, mama. Yule aliyekuwa akiita Jalila! kutoka mezani hapa, nami jikoni naitika abee, hayupo. Basi jina langu halijasemwa humu ndani tangu aondoke. Sikuwa nimeliona hilo mpaka leo.

Nimehifadhi. Nimeona imeandikwa kuwa imehifadhiwa. Nimezima.

Jumatano, 3 Desemba

Haipo!

Nimewasha, nimetafuta kila mahali. Haipo. Ya Mzee Athumani ipo palepale, salama salimini na mkaa wake. Ya Abdulghani hakuna.

Nimempigia Agneta kazini. Akasema pole, Mama Nadira, lakini si nilikuambia? Hiyo ni ya kuonja, umeiweka pale mezani pa huo mfumo, na ukizima inasahau. Ungeiweka kwa flashi ingine. Labda aliniambia. Bila shaka nilitikisa kichwa.

Nimeshikwa na hasira. Hasira, si huzuni! Nimepiga meza, nimempigia kelele Abdulghani — wewe, na maneno yako ya siri, na F yako na B yako, ulishindwa nini kuniachia hata kikaratasi! Mwanarusi katoka jikoni na mwiko mkononi. Alinishika kichwa akakiweka tumboni kwake, tumbo lanuka vitunguu. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mara yangu ya kwanza tangu siku ile. Hata maiti akitoka mlangoni sikulia, watu wakasema ana imani huyu.

Alhamisi, 4 Desemba

Kichwa chauma. Sina la kuandika.

Jumapili, 14 Desemba

Nimerudi kule kule. Siku zapita, sizihesabu. Wanaonihesabia wapo.

Nadira alikuja na mtoto. Nikamwambia Mint ndiyo niliyoichagua, nikamweleza sababu: kitufe kimoja, mashine haihemi, na hata shangazi yake kauona mshale. Akanisikiliza kisha akasema, mama, unaongea. Nikasema si ndiyo naongea. Akasema tangu baba afe hujaongea maneno mengi hivyo mfululizo.

Kisha akauliza kwa nini nimeitoa kompyuta. Nikasema sikuitoa, waliiomba. Akasema lakini si ya ami Sharif peke yake. Kuna fungu lake yeye Nadira la mirathi, nusu nzima, na kuna thumuni yangu, moja ya nane. Nikamuuliza thumuni ya kompyuta ni kipande gani, kibodi? Hakucheka.

— Mama, waambie hutaki.

Sijui kama sitaki. Ndilo tatizo. Natafuta ndani kama kuna kutaka, sikuti. Nilisema sawa mbele ya watu, baada ya hitima. Mjane kurudisha neno la sadaka ya mumewe! Likoni nzima italitafuna.

Ijumaa, 19 Desemba

Shemeji kaambiwa: Mint. Kafurahi. Siku moja kabla ya kutoka eda wataichukua, ikiwa imewekwa tayari na kusafishwa. Akalirudia hilo neno, kusafishwa. Ustadh anataka isiwe na kitu cha watu humo.

Jumanne, 6 Januari 2026

Agneta kanakilia folda zote kwenye flashi nyingine, yangu mwenyewe. Nilidhani itachukua siku nzima. Ilichukua muda wa chai. Harusi zote za Timbwani na maiti wote wameingia kwenye kitu kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, bado nafasi tele.

— Sasa hata wakifuta, uko na yako. Usijali.

Nimemshukuru. Nimeitia kwenye kopo la sukari. Kisha nimekaa nikafikiri, nitaichomeka wapi? Kwenye runinga?

Jumapili, 11 Januari

Mwanarusi kaomba aandike jina lake. Ghafla tu, baada ya alasiri. Nikamwekea herufi kubwa kabisa. Akatafuta moja moja, namwonyesha, MWANARUSI. Akaegemea nyuma akalitazama.

— Ndiyo mimi huyo?

Ndiye wewe. Akasema yuwataka karatasi. Printa ilikaa kimya kidogo, ikakohoa, ikatoa. Hata haikuuliza kitu, Mint iliitambua yenyewe. Kaibandika ndani ya mlango wa kabati, juu ya kile kioo kilichofunikwa. Kila akitoa nguo aisoma.

Langu sikuliandika tena. Wala tanzia ya Abdulghani. Kila nikikaa, mkono hauendi.

Alhamisi, 22 Januari

Joto. Stima zilipotea kutwa. Mzee Boga wa upande wa Mtongwe ni mgonjwa sana, kasema Mwanarusi. Alikuwa rafiki wa Abdulghani wa bandarini. Nikasema maskini. Nikashona kifungo.

Jumapili, 25 Januari

Wanawake wamekuja kupanga habari ya siku ya kutoka eda. Nani aje kuniogesha, nguo ipi, chakula gani. Walizungumza juu yangu nami nimeketi katikati. Mmoja akasema kompyuta ikiondoka hapo mezani patawekwa kabati la vyombo, sebule itapendeza. Wote wakapageukia pale mezani.

Mwanarusi hakupageukia. Alinitazama mimi.

Alhamisi, 29 Januari

Agneta kaja asubuhi kabla ya kazi. Kanionyesha hatua zote za kuuweka mfumo moja kwa moja. Mara hii sikutikisa kichwa, nimemfanya arudie. Lugha, kibodi, kisha linakuja swali lenyewe. Mfumo mpya ukae pembeni ya vilivyomo, au diski yote ifutwe. Wao wanataka ifutwe. Chagua hiyo, bonyeza, thibitisha, basi. Ukishathibitisha hakuna kurudi.

— Ningefanya mimi, lakini nikichelewa bosi ataniwakia. Utaweza. Wewe si mgeni tena.

Nitafanya kesho asubuhi. Sharif aja na tuktuk baada ya sala ya Ijumaa.

Ijumaa, 30 Januari

Nimeamka mapema nikaiwasha. F12. Nimefika kwenye swali. Nikalitazama. Nikasema nikanywe chai kwanza. Nikanywa chai. Nikarudi, swali lipo palepale, halina haraka. Nikafagia. Nikasema baada ya kufagia. Mwanarusi kapita mara kadhaa.

Wanaume wametoka msikitini. Tuktuk imesimama nje, nasikia injini yake. Sharif kapiga hodi barazani: shemeji, tayari? Nilikuwa nimeweka kidole juu ya mausi, wallahi, nataka kubonyeza, ili nimjibu tayari.

Hodi nyingine. Sauti ya mtu anayetweta. Lenox, mpwa wa Mzee Boga. Mzee katutoka asubuhi, maziko alasiri. Ametumwa kwa Abdulghani... Akasema samahani, tumezoea. Tumetumwa hapa. Kama kuna mtu anaweza kutuandikia tanzia.

Sharif akamwambia pole sana, lakini kompyuta yaondoka, ni ya madrasa sasa, nendeni saiba.

Mwanarusi alikuwa kasimama mlangoni, mkono kwenye pazia. Kanigeukia.

Sikulifunga lile swali. Nililiacha nyuma, nikafungua pa kuandikia mbele yake. Nikatoa flashi kwenye kopo la sukari, nikaipangusa sukari, nikaichomeka. TANZIA. Mzee Athumani. Nikamfuta. Nikauliza kwa sauti, marehemu jina lake kamili?

Kisha Lenox akaanza kutaja. Nikaandika. Boga bin Mwinyi. Pa kuzikwa. Saa. Watoto. Si kidole kimoja tena, viwili.

— Mjane wake nani?

Akasema andika mjane tu, mama, yatosha.

— Jina.

Akasema sisi twamwita Mama Kai.

Na mimi namwita Mama Kai! Tumepika naye shughuli ngapi. Kanifukizia udi siku ya harusi ya Nadira. Alikuja kunipa mkono wa pole, akakaa hapa kwenye kochi, nami sikumwona. Jina lake silijui.

— Nenda ukamuulize mwenyewe. Nangoja.

— Mama, maiti yuwangoja.

— Jina, nikasema.

Sharif kakohoa. Shemeji, tuktuk imesimama, mwenyewe ana haraka. Nikamwambia iende. Nimelisema bila kulipanga. Iende, shemeji, nina kazi. Sijui sauti ilitoka wapi. Nataka — nimekuta kutaka — nataka hii mashine ibaki hapa.

Sharif yuko barazani bado, naona vivuli vya miguu yake chini ya pazia. Injini haijazimwa. Mwanarusi kavuta kigoda kaketi kando yangu, asoma herufi za Boga kwa kunong'ona, moja moja. Nimehifadhi kwenye flashi mara tatu. Swali la kufuta liko nyuma ya dirisha, pembe yake yaonekana.

Lenox kaenda mbio. Naandika haya hali namngoja. Ameacha mjane, halafu ule mstari mdogo unawaka na kuzima, unawaka na kuzima. Nasikia ndara za mtu anarudi. Nimeweka mikono kwenye kibodi.